Muda wa Nyongeza Hauna Matangazo

Stapavik,
14 Novemba

Mwanangu Svava,

Salamu nyingi kutoka kwa babako, na kutoka kwa baridi ya huku ambayo naamini hujaisahau. Mimi ni mzima, ukiondoa goti na masikio. Goti ni la kawaida. Masikio ndiyo yameaga. Daktari anasema ni zile injini za uvuvi, miaka arobaini barafuni. La kushoto nimeshalisahau, la kulia linabahatisha. Juzi mjomba wako Larus kagonga mlango mpaka mkono ukamuuma, akaamua kuingia mwenyewe, akanikuta nakunywa kahawa nimempa mgongo. Aliponigusa bega nikajimwagia kikombe chote. Ndiyo maana ukipiga simu nakujibu maswali ambayo hukuniuliza. Afadhali tuandikiane. Sijui hali yako huko Toronto, kazi, chakula, na yule kijana mrefu asiyesema kitu. Bado yupo?

Haya, salamu zimetosha. Sasa niambie, mmefanya nini?

Jumamosi nilioga, nikavaa sweta alilonifumia marehemu mama yako, nikazima taa, nikafunika dirisha la sebuleni kwa blanketi kama tulivyokuwa tukifanya ulipokuwa mdogo, ili nyumba iwe uwanja. Nikakata kipande cha keki ya plamu. Nikawasha televisheni. Katokea mwanamume anakaanga vitunguu. Nikasema ni tangazo, nikangoja. Akamaliza vitunguu akaingia kwenye karoti. Nikangoja. Mpaka anapakua, ndipo nikaelewa kwamba timu yetu inacheza mahali fulani na mimi natazama supu.

Asubuhi yake nikaenda mkahawani, wote wananitazama kwa chini. Larus ndiye aliyenipasulia: mechi zimehamishiwa chaneli ya kulipia, na waliozihamisha ni kampuni yenu. Kasema "kampuni ya Svava wako" mbele ya kila mtu. Hoki ya barafuni ya Jumamosi imekuwa bure nchi hii tangu babu yako anaisikiliza kwenye redio ya betri. Watu walikuwa wanaahirisha harusi. Na leo mwanangu wa kumzaa ndiye ameiwekea mlango na bei.

Nijibu. Na usinijibu kwa lugha ya ofisini.

Babako,
Hjalmar


Toronto,
29 Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na goti lako. Mimi sijambo, ila kazi imenikalia kooni. Kijana mrefu bado yupo, na wiki iliyopita alisema kitu: alisema supu yangu ina chumvi. Nikakukumbuka.

Baba, nimecheka na nimeumia kwa pamoja. Kazi yangu ni kupanga ratiba, siyo kuuza mechi. Lakini sitajificha nyuma ya hilo. Niliinua mkono na wenzangu kuipitisha. Sababu ni hii: hoki inakufa, Baba. Huko kwetu hamuoni kwa sababu kila mtoto anazaliwa na viatu vya kuteleza miguuni. Huku watoto wanataka mpira wa kikapu. Kusini, kwenye miji isiyojua theluji, ndiko kwenye watazamaji wengi na matangazo manono, na wao wanalalamika kwamba kile kisahani cheusi kinachochezewa hawakioni kabisa kwenye runinga. Pesa za chaneli ya kulipia ndizo zinalipa wachezaji. Zikikosekana, timu yetu itauzwa na kuhamishiwa jangwani, na wewe utatazama supu kila siku.

Hii hapa hundi ya king'amuzi na dishi, pamoja na kifurushi cha msimu mzima. Nakuomba upokee. Kama hutaki, nenda kwa Mjomba Larus, yeye ana dishi tangu Septemba. Redio nisingekutajia, najua huisikii. Na baa ya hotelini sitaki hata uipitie mlangoni. Ulivyoacha pombe, uliacha kwa jasho.

Kula vizuri.

Mwanao,
Svava


Stapavik,
12 Januari

Mwanangu Svava,

Salamu za mwaka mpya, ingawa huku umeshaanza kuchakaa. Asante kwa soksi. Hundi yako hii hapa, inarudi ilikotoka. Kitu nilichozaliwa nikakikuta ni changu sikinunui, na sinunuliwi.

Kwa Larus nilikwenda, kwa kuwa umeniomba wewe. Ingunn mkewe akanikaribisha vizuri, samaki mkavu na siagi, kahawa na donge la sukari la kung'ata. Tulikuwa watu kama saba. Hata kipindi cha kwanza hakijaisha, Larus kasimama katikati ya sebule, kaninyooshea kikombe kama muuza tiketi, kasema maneno. Watu wakashika mbavu. Mimi nami nikacheka, Svava. Nikacheka kwa sauti, kwa sababu sikusikia. Kisha nikamuuliza jirani kasemaje, naye akanirudia sikioni: "Shemeji, kiingilio! Binti anauza, baba anaomba!"

Niliweka kikombe chini nikatoka. Najua ni utani. Yule ni kaka wa mama yako, tumetaniana tangu siku ya posa, na tumevua pamoja miaka yote kamba moja. Lakini kunifanya nichekelee aibu yangu mwenyewe, hapana. Tangu siku hiyo mlango natia komeo. Akitaka kuingia apitie kwenye bomba la moshi.

Sasa sikia habari njema. Juma lililopita nilikuwa naangalia nyavu chini ya barafu ya ziwa, kule mbele ya rasi, kilima cha mji kinapoacha kukukinga. Unakumbuka ile televisheni ndogo ya betri ya kwenye kibanda changu cha kuvulia barafuni, isiyoonyesha kitu ila theluji, ndani kama nje? Nilikuwa nimeibeba, nikaizungusha antena kwa kuchezea tu. Ikatokea timu yetu! Kuna kituo kidogo ng'ambo ya ziwa kinarusha bure, na huku mjini ni kilima ndicho kinachokizuia. Basi nimekisogeza kibanda mpaka pale. Nina jiko, nina kahawa, nina mechi, na hakuna anayeninyooshea kikombe.

Na kwa kuwa naona tena, nikusute vizuri. Hamuonyeshi mchezo, mnaonyesha nyuso. Mtu anafunga, kamera iko kwenye pua ya kocha. Wanakimbia mara tatu, filimbi, tangazo la gari. Wanakimbia mara mbili, tangazo la dawa ya meno. Golikipa wa watu anasimama barafuni anapoa kama uji ili ninyi muuze magari. Halafu mnauliza kwa nini watoto wanataka kikapu!

Kipindi cha pili barafu ilipasuka chini ya kibanda. Zamani ningeisikia tangu inaanzia upande wa pili wa ziwa. Safari hii niliijua kwa visigino, na kahawa ikatikisika. Ni kawaida ya Januari, usishtuke.

Babako


Toronto,
30 Januari

Baba,

Shikamoo, na nisamehe nisipouliza habari za goti.

Barua yako nimeisoma nimesimama, mlangoni, na koti sijavua. Umekaa peke yako mbele ya rasi, husikii, na unaniambia nisishtuke? Wewe si ndiye uliyenifundisha? Barafu inaongea, asiyesikiliza anazama. Mmoja haendi bila mwenzie, na kamba anabeba mwenzie. Ulinitungia wimbo wa hayo nikiwa na miaka minne. Sasa mwenzio yuko wapi? Kamba iko wapi?

Kuhusu Mjomba, alikosea. Lakini unamjua, mdomo wake unatangulia akili hatua mbili. Kanipigia simu mwenyewe Jumapili. Kasema amegonga kwako mara tatu na mlango haufunguliwi. Kasema, "Mwambie baba yako nyumba imepooza bila kelele zake." Hakulia, ila alikohoa sana.

Kuhusu nyuso, una haki nusu. Watu wa kusini hawajui mchezo, wanajua mtu. Tukiwaonyesha uso wa golikipa, jina la mama yake, jeraha lake, wanakaa. Tukiwaonyesha kisahani tu, wanahama. Siyo uongo, nina takwimu za kila dakika. Matangazo yananiudhi kama yanavyokuudhi, lakini ndiyo mshahara wangu.

Kuna jambo nalazimika kukuambia kabla hujalisikia mkahawani. Msimu umerefushwa. Tumeongeza siku za mapumziko kati ya mechi ili kila mechi kubwa ipate jioni yake. Mtoano utaanza Aprili na raundi ya kwanza haitaisha kabla ya mwisho wa mwezi. Ratiba nimeipanga mimi. Nilipokuwa naipanga sikufikiria ziwa, Baba. Nilifikiria Jumanne na Alhamisi.

Niahidi barafu ikianza kuoza hutakwenda. Niandikie neno hilo moja tu.

Mwanao,
Svava


Stapavik,
18 Machi

Mwanangu Svava,

Salamu. Nimekawia kwa sababu nilikuwa nakasirika, na siku hizi kukasirika kunanichukua muda. Afya si mbaya. Upepo umegeuka mapema mwaka huu, unatoka kusini na ni wa vuguvugu, mabomba ya maji ya paa yanatiririka mchana. Sipendi upepo huu.

Mwisho wa Aprili! Zamani kombe lilikuwa limeshakabidhiwa, limebusiwa na limesahauliwa kabla bata hawajarudi. Hoki ni mchezo wa barafu, na barafu ina mwenyewe, naye hapangi ratiba na kampuni yenu. Ninyi mna mashine za kugandisha uwanja hata jua la jangwani likiwaka. Sisi hatuna. Umeutoa mchezo nje ya msimu wake kwa ajili ya Jumanne na Alhamisi.

Lakini nitakusifu kwa kitu kimoja, usije ukasema babako ni wa kulaumu tu. Muda wa nyongeza hamjauharibu. Juzi timu yetu walitoka sare, wakaongezewa, na nikaona tena mchezo niliokua nao. Wa mtoano ndio kabisa: anayefunga kwanza kashinda, dakika hazihesabiwi, na hakuna matangazo. Hakuna hata moja! Ukikaa, umekaa. Huwezi kwenda kutia kuni, huwezi kwenda msalani, unashika kiti. Mama yako alikuwa anasema nyumba inaweza kuungua muda wa nyongeza na mimi nitasema ngoja wafunge.

Kibanda nitakitoa kabla ya mwezi kuisha kama sheria inavyotaka. Hilo usihangaike nalo.

Larus bado anapita ufukweni na mbwa wake kila jioni, anajifanya anatazama ndege. Mbwa alikuwa ananifuata mpaka kibandani kuomba vichwa vya samaki. Sasa anafika kwenye rasi anaketi. Nimemwita, nimemrushia kichwa kizima. Anakitazama, analia, haji.

Hilo neno moja uliloniomba, sijalipata bado.

Babako


Toronto,
2 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Mbwa ana akili kuliko wewe. Nimeandika na sifuti.

Nimeongea na Mjomba. Kaniambia umetoa kibanda, nikashukuru Mungu, halafu kaongeza kwamba umekitoa kibanda lakini mahali hujahama: unavuta sleji ya kuteleza juu ya barafu, yenye kiti na televisheni na betri, unajifunika turubai jekundu, unakaa wazi katikati ya ziwa kama mzigo ulioanguka. Turubai analiona kutoka dirishani kwake. Anasema timu ikicheza, yeye anatazama mechi kwa jicho moja na wewe kwa jingine.

Nimemuomba jambo, na nakuambia ili usiseme nimekuzunguka. Nimemwambia: "Mjomba, ukiona turubai liko barafuni na jua linazama, usingoje, nenda kamtoe. Kwa shingo ikibidi." Kaniahidi. Kasema, "Nilimpa dada yangu neno hilohilo siku anakufa, wewe unanikumbusha tu."

Baba, mimi sina mama. Usinifanye nisiwe na mtu kwa sababu ya mchezo. Narudia tena kukuomba, pokea hundi. Mkunjie Mjomba uso ukitaka, lakini ukae kwake. Nikiona mechi ofisini kwenye zile skrini zote, siangalii kisahani tena. Naangalia saa na kuwaza unyayo wako uko juu ya nini.

Mwanao


Stapavik,
11 Aprili

Svava,

Salamu.

Umeniwekea mlinzi. Mimi, niliyekushika mkono ukapiga hatua ya kwanza juu ya ziwa hili. Kumbe nyinyi wawili mnapigiana simu kunijadili kama ng'ombe mgonjwa.

Mechi ya kwanza tumeshinda, ya pili wale wa jangwani wametufunga. Nimeziona zote. Nakwenda na mtaimbo, napiga kila hatua kabla sijakanyaga. Kamba ninayo, imetundikwa nyuma ya mlango, ila kamba bila mtu wa kuishika ni uzi tu, kwa hiyo naiacha.

Sitakudanganya. Barafu imefikia kuwa mishumaa. Nimeikata kipande kinene kama matofali mawili, nikakiinua kukitazama juani, kikaachana mkononi vijitivijiti, kikamwagika. Unene upo, kinachoshikana ndicho hakipo. Najua maana yake. Nimewazika watu waliojua maana yake.

Lakini sikia na mimi. Tangu mama yako aondoke, nyumba hii haina sauti, na si kwa sababu ya masikio. Saa zile mbili na nusu tu ndizo ambazo sikumbuki kwamba niko peke yangu. Larus naye nimemtia komeo, sasa sijui nilifungueje bila kuonekana nimeshindwa. Ndiyo hali.

Mfululizo ni wa mechi saba. Mkiumaliza haraka, nitatoka haraka.

Babako


Toronto,
22 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo mara mia! Keti kwanza. Umeketi?

Mechi ya saba, kama ikifika, itaonyeshwa BURE. Chaneli ile ile ya zamani, ile ya mtu wa vitunguu, nchi nzima, hata hapo nyumbani nyuma ya kilima. Jumanne tarehe ishirini na saba, saa kumi na mbili jioni kwa saa zenu.

Nilimsomea bosi wangu barua yako. Yote, mpaka mishumaa. Nikamwambia: mnatafuta umaarufu wa mchezo huu kwa watu wasioutaka, na anayeutaka mnamuua. Hawakufanya kwa huruma, nisikudanganye, nimewaonyesha pia takwimu za watazamaji wa bure na wakaona faida yao. Lakini wamefanya. Mimi nimepoteza cheo nilichokuwa nakingoja na sijali hata kidogo.

Barua hii naituma kwa ile posta ya haraka. Nawe nakuomba mambo mawili. Moja, kaa nyumbani. Vaa sweta, zima taa, funika dirisha, kata keki. Televisheni ile kubwa, sebuleni, miguu juu ya zulia.

La pili ni hili. Nilitaka kumpigia Mjomba nimpe habari, mkono ukafika kwenye simu nikauondoa. Nenda umwambie wewe. Hujui ufungue vipi komeo, ndivyo ulivyoandika. Basi nimekupa ufunguo. Ni nyumba tatu tu kutoka kwako. Mwambie: "Shemeji, leo kiingilio bure, njoo kwangu." Uone kama hatakuja mbio na mbwa wake.

Nakupenda, mzee mbishi.

Mwanao,
Svava


Stapavik,
3 Mei

Mwanangu Svava,

Salamu. Ingunn kasema alikueleza kwa simu, ila ulikata katikati. Nami simu siwezi. Nitakueleza mimi, yote, kwa mpangilio, kisha unihukumu.

Barua yako ilifika Jumanne ile ile, mchana. Asubuhi nilikuwa nimeshapeleka sleji mbele ya rasi, na kiti, na turubai nimeshalitandaza. Niliisoma pale posta nimesimama, nikalia mbele ya karani. Nilikuwa na furaha, Svava. Sikuwa nimefurahi hivyo tangu mama yako. Vile vitu nikaviacha huko huko, nikasema nitaviokota kesho au ziwa livimeze, potelea mbali.

Kwa Larus sikwenda. Nilifika kwenye lango lake. Nilimwona dirishani anahangaika na waya wa dishi. Nikasema, hapana, kwanza tushinde. Tukishinda nitakwenda na keki nzima, nimnyooshee kikombe yeye, nimwambie kiingilio. Nilikuwa nimeshaupanga utani wote. Nikarudi nyumbani nikacheka njia nzima.

Nikafanya ulivyosema. Sweta, taa, blanketi dirishani. Na komeo, kwa mazoea tu. Mkono ulilitia wenyewe.

Mpaka mwisho wa kipindi cha tatu tulikuwa mbili kwa mbili. Muda wa nyongeza. Wakati wachezaji wanapumzika nikaenda jikoni kuongeza kahawa. Dirisha la jikoni unajua linatazama ziwa. Jua, ambalo Aprili huku huchelewa mpaka karibu saa tatu usiku, lilikuwa linamalizikia. Nikaona taa, ndogo, imeshapita rasi, inakwenda kule kwenye turubai. Nikamjua kwa mwendo, anavyovuta mguu.

Ngoja niandike nilichofikiri, kwa sababu hicho ndicho ninachoamka nacho. Nilifikiri: huyo kaja kunichungulia ili anicheke. Mwache afike, akute kiti kitupu. Nilicheka, Svava. Nikasema tangazo la kwanza likitokea nitatoka barazani na taa nimpungie, arudi. Nikabeba kahawa nikaenda kukaa.

Na muda wa nyongeza hauna matangazo.

Walicheza. Unakumbuka, nawe uliitazama huko. Hawakusimama. Kila mara nilisema sasa watapiga filimbi ndefu, sasa nitainuka, na wao wanakwenda tu, huku na huku, mchezo ule ule niliokusifia. Nilikuwa nimeshika kiti. Kisha yule kijana wetu akafunga, nikaruka nikapiga kelele, nikakumbatia televisheni. Ndipo nikaenda jikoni.

Taa haikuwepo. Nikasema amesharudi nyumbani. Nikachukua keki. Nilipofika mlangoni nikaona mlango unatikisika. Sikusikia kitu, niliona ubao unacheza. Nikafungua, alikuwa Ingunn, anapiga kwa ngumi zote mbili, hana koti.

Kaniambia yote sikioni, kwa kupiga mayowe. Larus alikuwa anatazama mechi kwenye chaneli yake ya kulipia, hakujua kama ipo ya bure. Mapumziko yalipofika akachungulia, akaona turubai, akaona nyumba yangu giza. Akaja kugonga. Aligonga mlango, akagonga na madirisha. Kamba aliitaka, na kamba imetundikwa kwangu, nyuma ya mlango ule ule. Akamwambia Ingunn, "Nilimwahidi mtoto," akachukua taa. Mbwa aliketi kwenye rasi, akalia mpaka watu wakatoka nje.

Tulikwenda na mashua na magogo na mashine zote za mji. Hatua ishirini kabla ya turubai kuna tundu. Kofia yake ilikuwa ukingoni. Turubai langu halijaguswa, kiti kimekaa vilevile. Barafu haibebi wapiga mbizi wa kumtafuta, wanasema tungoje iyeyuke, ziwa lifunguke. Kwa hiyo tunangoja. Ingunn anakuja asubuhi, tunakaa dirisha la jikoni, tunatazama ziwa. Hajanilaumu hata neno. Ningefurahi anipige.

Najua unajilaumu kwa ile simu usiyopiga. Acha. Uliniachia mimi nimwambie, ukanipa na maneno yenyewe. Nilifika langoni kwake. Najuta, mwanangu. Nilimkomea mtu aliyenipenda kwa sababu alinitania, nikamkalisha nje mpaka akafa akinitafuta, na mimi niko ndani nina joto, naangalia hoki ya bure.

Televisheni nimeipeleka kwa mchungaji. Wala usiniambie raundi ya pili imekwendaje.

Upepo wa leo ni wa kusini, na kando ya ufukwe maji yameshaonekana. Watu wanasema ni wiki hii. Njoo kabla, kama kazini watakuruhusu, na wasipokuruhusu pia njoo. Ukifika usigonge, maana sitasikia. Sukuma tu mlango uingie. Komeo nimeling'oa.

Babako